Mji Ambao Huguette Hakuwa Nao

Soko la Nateete, Kampala, lilikuwa limetoka kunyeshewa, na jua likarudi taratibu kama mgeni asiyejua kama amesamehewa. Harufu ya udongo, ya nanasi lililokatwa na ya ngozi ya viatu vya mitumba ikapanda pamoja. Katikati ya hayo alisimama Huguette, gauni lake la kitenge cha bluu limelowa pindo, simu ameinyoosha mbele kama mtu anayekinga maji ya paa kwa kikombe. Alikuwa akikinga maneno. Aliongoza chama cha wanafunzi wapendao ufundi wa kusema, na chama hicho kilitoa jarida la mtandaoni liitwalo *Ndimi*. Toleo lililokuwa jikoni lilihusu wachuuzi: jinsi wanavyomgeuza mpita njia akawa mnunuzi.

Kwenye meza ya Mama Concy, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja tu alikuwa ameshika viatu vya kahawia.

"Ssebo, hivyo vimetoka Italia," Mama Concy alisema.

"Mama, hata mimi nimetoka Bungoma, lakini sijajiongezea bei."

Huguette akacheka. Kicheko kikaingia ndani ya simu, kikaharibu kazi ya asubuhi nzima.

"Nyabo, umenirekodi?" kijana akageuka.

"Nimemrekodi mama. Wewe umeingia tu."

"Basi nitoe polepole, mbavu zangu ni nyembamba."

Jina lake Wamalwa. Kumbe alisoma chuo kimoja na Huguette, na juma lililofuata alikuwa ameketi nyuma kabisa kwenye chumba cha chama, miguuni vile viatu vya kahawia.

Sasa, kazi ya *Ndimi* ilikwenda hivi. Mwanachama alirekodi hotuba, akamtumia Huguette kwa simu. Naye aliisikiliza, akaikata penye mafuta mengi, kisha akaandika pembeni ni wapi msemaji ameushika moyo wa msikilizaji, na kwa mkono upi. Wenzake walimwita Mkasi. Kitu gani mpishi hukipika, akakigawa, na mwenyewe asionje? Maneno, kwa mtu kama Huguette. Hayakumlevya, maana alijua yanavyopikwa.

Lakini jioni, Wamalwa akipiga simu, mkasi ulilala.

"Kitendawili, mpenzi."

"Tega."

"Kwetu kuna mzee, akikohoa mtaa mzima unakimbilia ndani."

"Radi. Hiyo ya watoto, chéri."

"Haya. Natembea na mwenzangu mchana kutwa, giza likiingia ananitoroka."

"Kivuli. Bado hujapata."

"Siku moja utashindwa, malaika wangu, na kama desturi ilivyo, anayeshindwa hutoa mji."

"Mimi sina mji wa kutoa, Wama." Sauti yake ilishuka. "Kwetu Butembo, Kongo, tulikimbia tukaacha milango ikiwa wazi. Kampala nimepanga tu chumba, kule Nsambya, mimi na mama. Mtu hagawi alichopanga."

Kwa hiyo hakukubali kushindwa. Kitendawili kikiwa kigumu alisema mtandao umekatika, akakata yeye mwenyewe.

Ukafika mwisho wa masomo ya Wamalwa. Mjomba wake alimwita Bungoma akasimamie duka la vifaa vya ujenzi. Huguette hakumwuliza kama ataenda. Aliogopa jibu, na hofu yake akaitia kazini: akatangaza toleo jipya, maneno ya kuagana. Sauti zikamiminika kwenye simu yake, na miongoni mwao sauti ya Wamalwa.

"Nikienda nitakuwa na duka, na funguo, na watu wa kuniita bosi. Lakini mvua ikinyesha nitamsubiri nani chini ya paa? Sema kaa, nitakaa."

Huguette alisikia moyo wake ukiruka kama samaki. Akadhani ni ufundi. Akaandika pembeni: *Hapa msemaji anahesabu atakachopata, ili tusikie atakachokosa.* Akaichapisha kwenye *Ndimi*. Ilipofika mchana, chuo kizima kilikuwa kikisalimiana kwa "sema kaa."

Wamalwa akapiga simu.

"Hugu, ulinisikia?"

"Mara nyingi, chéri. Imependwa kuliko zote."

"Imependwa."

"Ila katikati ulirefusha, nikapunguza kidogo."

Upande wa pili boda boda zilipita, zikaisha.

"Ile haikuwa ya jarida," alisema Wamalwa. "Nilikuwa naongea na wewe."

Simu ikakatika, na safari hii si Huguette aliyekata.

Huguette akaiondoa ile hotuba mtandaoni. Akajaribu kurekodi majibu, lakini kila sentensi mkasi uliidaka: huku ni kubembeleza, huku ni kurudia kwa makusudi. Wamalwa hakupokea simu. Siku ya safari ilipofika, Huguette aliketi sakafuni, Bibiane, rafiki yake, akimsuka.

"Dada," Bibiane alisema, chanuo mdomoni, "mtu akikuomba maji, unamsifia kiu?"

Huguette akakumbuka kwamba Wamalwa alitaka kushonesha soli kwa Mama Concy kabla ya kusafiri. Akainuka vile vile, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama majani ya mahindi, ndala miguuni.

Nateete ilikuwa imelowa tena. Wamalwa aliketi kwenye kigoda cha Mama Concy, soksi tupu, begi kando. Mama Concy alikuwa akishona soli.

"Umekuja kurekodi?" Wamalwa aliuliza bila kuinua kichwa.

"Simu nimeiacha nyumbani. Nitegee."

Wamalwa akazitazama soksi zake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nilibisha hodi hadi mkono ukaniuma. Mwenye nyumba akachungulia dirishani, akasifu ninavyobisha."

Jibu lilikuwa ulimini mwa Huguette kabla Wamalwa hajamaliza. Akalimeza.

"Nimeshindwa," alisema.

Sindano ya Mama Concy ikasimama.

"Nipe mji," Wamalwa alisema taratibu.

"Chukua Nsambya. Chukua kilima chote, na kengele ya kanisa, na chumba chetu kinachovuja, na mama yangu na sombe yake ya majani ya muhogo. Nilikuwa nimepanga. Leo nimehamia." Hakutafuta neno zuri. "Kaa."

Wamalwa akaupokea mji wake kama desturi inavyotaka.

"Nimekwenda Nsambya, nikakaribishwa. Nimekula sombe nikashiba. Wakaniuliza, mgeni, unarudi lini kwenu?"

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema, muulizeni Mama Concy. Viatu vyangu anavyo yeye."

Mama Concy akakata uzi kwa meno. Akavigeuza vile viatu vya kahawia, vimeshonwa vizuri, vimekamilika. Akavitazama, akamtazama yule binti wa nusu kichwa, kisha akavirudisha chini ya meza.