Dorelly na Dereva wa Basi la Yarumal

Dakika kumi na saba zilikuwa zimepita tangu mzee Gildardo aingie choo cha wanaume. Binti yake Dorelly alisimama mlangoni, begi begani, koti la baba mkononi, akiwatazama wanaume wakitoka mmoja mmoja huku wakipangusa mikono kwenye suruali. Baba yake hakuwa miongoni mwao. Kituo cha mabasi cha kaskazini cha Medellín kilikuwa kimefurika. Vipaza sauti vilitaja majina ya miji, harufu ya mkate wa jibini ilichanganyika na ya dizeli, na basi la Yarumal lilikuwa limebakiza dakika tano.

Alimkamata mkono mwanaume wa kwanza aliyepita.

"Kaka, samahani sana. Niangalizie baba yangu humo ndani. Shati la miraba, kofia nyeupe. Ana... anasahausahau."

Yule kaka alikuwa mrefu, na shati lake la bluu la kazi lilipigwa pasi mpaka mistari ya mikono ikasimama. Aliingia, na baada ya muda sauti yake ikasikika kutoka ndani:

"Wewe bwana, mbona unamzibia mzee njia? Hebu mpishe! Haya, ahsante."

Wakatoka wameshikana mikono. Mzee Gildardo alikuwa amekunja uso. "Kuna mpumbavu mmoja humo ndani, amevaa kofia kama yangu. Nikienda huku, na yeye huku!"

"Ni kioo," yule kaka alimnong'oneza Dorelly. "Nimemfukuza."

Dorelly aliangua kicheko. Halafu akakumbuka. "Mungu wangu, basi letu! La Yarumal, la saa nne!"

"Haliondoki."

"Umejuaje?"

"Dereva wake bado anaongea na wewe."

Jina lake lilikuwa Arbey, na aliwahamishia kiti cha mbele, nyuma yake kabisa. Mzee Gildardo alikuwa ameendesha lori la kiwanda cha maziwa kwa miaka thelathini, na ingawa alikuwa na miaka hamsini na sita tu, akili yake ilianza kumtoka tangu akiwa na arobaini na saba. Lakini barabara hakuisahau. Kila mlima ulipoanza alipiga kelele: "Shusha gia, kijana! Utaiua injini!"

"Sawa, bosi!" Arbey akajibu, na kweli akashusha.

Dorelly akamwona kwenye kioo cha dereva akimtazama. Siku hiyo alikuwa amevaa koti la jinzi aliloshona mwenyewe kwa vipande vya kiwanda cha nguo alikofanya kazi, na nywele amezibana juu ovyo, kwa kuwa asubuhi nzima ilimwishia kumvisha baba. Alitamani angalau angepaka rangi ya mdomo.

Safari hiyo ilikuwa ya kila mwezi. Kiwanda cha maziwa kilitaka kumwona mstaafu wao kwa macho, atie sahihi mwenyewe ndipo alipwe pensheni. Siku hiyo mzee Gildardo aliandika herufi tatu za jina lake, kalamu ikatoka nje ya karatasi, ikaendelea kuandika mezani. Karani akageuza uso pembeni. Dorelly akamshika baba kidole gumba, akakichovya kwenye wino.

Jioni, wakati wa kurudi, Arbey alikiona kile kidole cheusi. Alimpa mzee kipande cha arepa, mkate wa mahindi wa moto, na Dorelly akamwandikia Arbey namba yake ya simu kwenye karatasi.

Arbey ndiye aliyepiga kwanza.

"Hujambo, binti wa bosi?"

"Sijambo, mfukuza vioo."

"Umekula?"

"Nimemlisha baba."

"Sijauliza habari za baba, malkia. Nimeuliza wewe."

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa simu zaidi kuliko kwa macho. Arbey alipiga kutoka kila kituo: ukungu umeshuka, kuna ng'ombe barabarani, leo abiria mmoja amepanda na jogoo. Dorelly aliiweka simu begani huku cherehani ikinguruma, wasichana wenzake wakimzomea: "Mwambie dereva aangalie barabara!" Kila mwezi walisafiri pamoja. Arbey alijifunza kutomuuliza mzee maswali ya kumtega. Alijifunza kumpa kitu cha kushika mkononi wakati wa kona kali, na mzee alipolia akitaka kurudi kwao hali yuko hapo hapo Yarumal, kwao, alimwambia, "Tunakaribia, bosi," naye akatulia.

Mwezi wa nane wakiwa wameketi nje ya kanisa la Yarumal, mzee katikati yao akila mandazi, Arbey alisema, "Mimi natamani mtoto, Dorelly. Wa kike. Awe na kidomo kama chako."

Dorelly akageuka kumpangusa baba makombo ya mandazi mdomoni.

Kuna jambo hakuwa amemwambia. Ugonjwa wa baba haukuwa wa uzee. Bibi yake alikufa nao akiwa na miaka hamsini na mbili. Shangazi Fabiola, ambaye ndiye aliyemfundisha kushona, alikufa nao na arobaini na tisa, akiwa hajui tena sindano ni kitu gani. Yarumal watu waliuita ubozi, yaani ujinga, na zamani walisema ukigusa mti fulani ndipo unaupata. Madaktari walisema ni damu: kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Dorelly alipimwa akiwa na miaka ishirini na tano, lakini hakuwahi kwenda kusikia jibu.

Usiku wa siku hiyo hakupokea simu. Wala kesho yake. Siku ya tatu akapokea.

"Nimekukosea nini, roho yangu? Niambie nijirekebishe."

"Hujanikosea. Nimepata mtu mwingine."

"Mtu gani? Lini? Wewe hata muda wa kuchana nywele huna!"

"Nimesema nimepata mtu, Arbey. Usinipigie tena."

Dorelly akasikia honi za magari upande ule. "Sawa," Arbey akasema. "Msalimie bosi." Akakata.

Wiki ile ile aliomba kubadilishiwa njia, akapewa mabasi ya kwenda pwani. Na wiki ile ile Dorelly alivaa gauni lake la kanisani, akaenda peke yake kusikia jibu la damu. Daktari alikuwa mama mpole, akamshika mkono kabla hajafungua faili. Dorelly akajua hapo hapo.

Hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani akambadilisha baba nguo, akazima jiko ambalo jirani yao Bi Ofelia, aliyemlinda mzee mchana, alikuwa ameliacha likiwaka, akala wali uliopoa amesimama. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Jumanne moja, baada ya miezi mitano, Bi Ofelia alimpigia kiwandani akilia: alisinzia kidogo tu, mlango uko wazi, mzee hayupo. Dorelly aliiacha suruali chini ya sindano. Alikimbia akishuka vichochoro vya mtaa wao wa Manrique, akiuliza kila duka: shati la miraba, kofia nyeupe, mmemwona? Wengine walisema amepanda mlima, wengine ameshuka. Alikuwa amefika njia panda simu ilipoita. Namba ya Arbey alikuwa ameifuta, lakini aliijua.

"Dorelly, usilie. Ninaye hapa."

"Wapi?"

"Kituoni. Nimemkuta kwenye basi langu, amekaa kiti cha dereva, abiria wanamfokea, na yeye anawaambia wafunge madirisha."

Aliwakuta chumba cha kupumzikia madereva. Baba yake alikuwa amevaa suruali ya bluu ya sare, ndefu, imekunjwa miguuni. Ile yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki sakafuni, na chumba kilinuka sabuni.

"Alijisaidia," Arbey akasema. "Nimemuosha. Hakupenda." Alikuwa na mkwaruzo mbichi shavuni.

Dorelly akakaa chini, palepale sakafuni, akalia mpaka kifua kikamuuma. Baba akamtazama. "Mbona huyu mama analia?"

"Amechoka, bosi," Arbey akasema. Kisha akamgeukia Dorelly kwa sauti ya chini. "Yuko wapi huyo mtu wako? Mbona hajaja kukusaidia kutafuta?"

"Hayupo."

"Amekuacha?"

"Hajawahi kuwepo, Arbey. Nilikudanganya. Alicho nacho baba na mimi ninacho. Nimepimwa. Nitaanza nikifika arobaini na nne, arobaini na tano. Na ukizaa na mimi, mtoto naye huenda akawa nacho. Sasa umejua. Nenda zako, abiria wanakusubiri."

Nje walikuwa wakiita jina lake kwa kipaza sauti. Arbey alichukua kofia yake ya kazi mezani, akatoka bila kugeuka. Dorelly akasikia injini ikiwaka na basi likirudi nyuma polepole. Akamfunga baba kamba za viatu, wakaenda nyumbani.

Jumamosi adhuhuri Arbey aligonga mlango wao. Shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, macho mekundu kama ya mtu aliyekunywa, lakini hakunywa.

"Nimetoka kwa mama," akasema akiwa bado mlangoni. "Amesema nikuache. Amesema maneno mengine pia."

"Mama yako ana akili."

"Nina hasira na wewe, Dorelly. Si kwa ajili ya damu. Damu hukuichagua. Miezi mitano nimeendesha basi nikimtukana mwanaume ambaye hayupo!"

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo! Mdomo huo huo ulioniita mfukuza vioo!"

Dorelly akampisha, Arbey akaingia. Mezani kulikuwa na sahani ya maharage na ndizi za kukaanga zikitoa moshi. Hakumkaribisha chakula, alikuwa amesahau namna ya kukaribisha watu.

"Ninaogopa," Arbey akasema. "Sitaki kukudanganya kama ulivyonidanganya. Naogopa sana. Mtoto, basi, nimemlilia njia nzima, nimemaliza, au labda sijamaliza. Lakini miaka hiyo kumi na mitatu kabla hujaanza kuugua, naitaka. Na inayofuata pia."

"Inayofuata huijui. Nitakutukana. Nitakung'ata. Nitakuita mwizi ndani ya nyumba yako."

Arbey akajigusa mkwaruzo wa shavuni. "Nimeshaanza mazoezi."

"Usinichekeshe. Nakuambia ukweli."

"Na mimi nakuuliza ukweli: utaolewa na mimi?"

Kabla hajajibu, kitu kilianguka bafuni na mzee Gildardo akaanza kupiga kelele. Ilikuwa saa yake ya kuoga, saa ya vita. Dorelly akageuka kwenda. Arbey akamkalisha kwa mkono begani, akavua shati jeupe, akalitundika kwenye kiti.

"Kaa. Ule."

Akaingia, akafunga mlango. Maji yakafunguliwa. Dorelly alisikia baba akitukana matusi ya malori, na Arbey akijibu, "Ndiyo, bosi. Inua mkono, bosi." Alibaki na mikono mapajani, hajui aipeleke wapi. Kisha akachukua kijiko. Maharage yalimuunguza ulimi. Hakukumbuka mara ya mwisho alikula lini chakula cha moto.

"Arbey!" akaita.

"Naam!"

"Ndiyo!"

"Ndiyo nini? Maji yanapiga kelele!"

"Nimesema nitaolewa na wewe!" alipaza sauti mpaka Bi Ofelia, kwenye nyumba ya pili, akafungua dirisha.

Maji yakafungwa. Mlango ukafunguka kidogo, uso wa mzee Gildardo ukatokea, povu nyusini.

"Nani anaolewa?"

"Mimi, baba."

Alimtazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni wa heshima. "Na wewe ni nani, mama?"

Dorelly akaweka kijiko chini. Akamtajia jina lake taratibu, jina zima, la kwake, la ukoo wa baba na la ukoo wa mama.

"Jina zuri," mzee akasema, na Arbey akamrudisha ndani kumsuuza.