Herufi Kumi na Nne

“Shangazi, ondoka hospitali. Njoo bandarini.”

“Kufanya nini?”

“Ujumbe ni wa Kichina,” alisema Mkuu. “Kuna meli ya Kichina imetia nanga leo.”

Akakata simu.

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Ofisi nzima ya upelelezi ilimwita Shangazi kwa sababu ya ulimi wake mkali. Lakini aliyekuwa na haki ya kumwita hivyo, binti wa kaka yake, alikuwa amelazwa ghorofa ya pili, wadi ya watoto, akisubiri sindano. Na asubuhi hii magendo ya dawa bandia yangeingia hospitali hiyohiyo. Kwa gari gani, kwa lango lipi kati ya matano, hakuna aliyejua. Walichokuwa nacho ni flashi moja aliyoinyakua alfajiri kwenye ghala la wahalifu. Ndani yake, faili moja: ujumbe huo.

Alikuwa bado ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, kompyuta mapajani, Glock kiunoni. Bastola haisomi faili.

Akampigia fundi wa kompyuta, yule waliyemwita Profesa.

“Mkalimani kasemaje?”

“Kasema ni takataka. Kama mtu kamwaga kamusi sakafuni.”

“Sasa nani kasema ni Kichina?”

“Programu. Faili halionyeshi limeandikwa kwa mfumo gani, kwa hiyo ikakisia.”

“Ikakisia. Nasi tukapeleka magari manane bandarini.”

“Ilikuwa na uhakika asilimia tisini, Shangazi.”

“Hata mume wangu huwa na uhakika wa njia, na kila safari tunapotea. Nitumie baiti zenyewe, zile namba zinazounda faili. Moja moja.”

Saa tatu na dakika hamsini.

Zikaja. Baiti ishirini na nane. Programu ilizifunga mbili mbili, kila jozi ikaifanya herufi moja ya Kichina. Kumi na nne, safi kabisa, zisizo na maana yoyote.

Akazikodolea macho. Hakuna hata moja iliyovuka 7F, kikomo cha alfabeti yetu. Herufi za kawaida, basi, kila baiti na yake. Na 20 ilijirudia mara tano.

Nafasi kati ya maneno.

Maneno sita.

La nne: 6B 75 75. La tano: 73 61 61.

“Profesa, 61 ni a?”

“Ndiyo.”

“Basi 73 ni s. Saa. Hiki ni Kiswahili, ndugu yangu. Kiswahili cha mama yako.”

Profesa akasoma neno kwa neno.

*lori jeupe lango kuu saa nne*

Dakika nne zimebaki.

Akatia gia. Akalizungusha gari nyuma ya jengo la maabara, akaliegesha kukingama lango kuu.

Lori jeupe likafunga breki hatua mbili kutoka mlangoni kwake.

“Mama, sogeza gari,” dereva alisema. “Nimebeba dawa za wagonjwa.”

“Najua ulichobeba. Shuka. Mikono juu ya boneti.”

Dereva akaiona Glock kiunoni. Akashuka.

Walinzi wa lango walipomfunga pingu, simu ya Shangazi ikalia. Ujumbe kutoka mfumo mpya wa ofisi, kwa niaba ya Mkuu.

*â€œHongeraâ€*

Aliutazama: alama za kunukuu tu, zilizosomwa kwa mfumo usio wake, tena kwa kukisia. Akashusha pumzi kama mtu aliyeombwa kupika mara ya tatu siku hiyo.

Akaufuta, akafunika bastola kwa koti, akapanda ngazi kuelekea ghorofa ya pili.