Aliyeligeuza Dishi la Ruti

Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi, kijijini Isansa. Fundi Jenista alipanda ngazi, dira mkononi, akathibitisha alichokiona tangu barabarani: dishi la intaneti juu ya paa la Mama Ruti lilikuwa limegeuzwa tena. Mara ya tatu kwa siku tatu. Aliliacha likitazama mashariki. Sasa lilitazama magharibi, limetulia tuli.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Saa nane mchana huo Ruti alikuwa na usaili wa ufadhili wa chuo cha uuguzi Morogoro, nao ulikuwa wa video. Mtandao wa simu pale nyumbani ulikuwa wa kupanda kichuguu na kuinua mkono. Dishi lisipoiona setelaiti yake, ufadhili ungekwenda kwa mwingine.

"Kulirudisha ni nusu saa tu," Jenista alimwambia Ruti, ambaye kucha zilikuwa zimemwisha kwa kuzitafuna. "Ila nikiondoka, halimalizi saa moja. Lazima nimjue mtu huyu kabla ya saa nane."

Mama Ruti alidai anamjua: Felix, mwenye kibanda cha vocha mkabala. Tangu dishi lije, wateja wake wa bando walihamia ukutani kwa Mama Ruti kunasa intaneti ya bure. Jenista akavuka barabara.

Felix hakuzunguka mbuyu. "Dada, lilipozima juzi nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini mimi kupanda ngazi, thubutu." Akapandisha suruali kuonyesha kovu la mguu uliovunjika mwaka jana. Alitembea kwa gongo.

Wa pili kushukiwa alikuwa Mbonile, fundi wa Tunduma aliyeikosa kazi hii. Jenista alimpigia. Nyuma ya sauti yake malori yalipiga honi na watu walibishania bei kwa Kibemba. Alisema hajatoka mpakani tangu Jumanne, akampa simu mama wa kibanda cha chai athibitishe, na mama akathibitisha kwa kulalamika kwamba mtu huyo hukaa hapo kutwa nzima na kikombe kimoja.

Jenista alirudi mikono mitupu. Kwenye uzio alimkuta Mzee Zebedayo, jirani na mzee wa kanisa, akihudumia mashine yake ya kumenyea kahawa. Alimpa shikamoo, mzee akamnyooshea kifundo cha mkono, maana viganja vilikuwa na grisi. Akauliza habari za usaili. Ruti ndiye aliyemsomea maandishi ya dawa zake za presha kila jioni, na mzee alikuwa akimwombea tangu Jumapili. Hata akiongea, mkono wake ulikuwa ukinyoosha mti wa uzio uliolala kidogo. Mibuni yake ilikuwa imepangwa kwa kamba, mstari kwa mstari.

Saa tano kasoro Jenista alipanda ngazi tena, safari hii akitazama nati badala ya dishi. Mtu mwenye chuki angekata waya. Huyu alikaza nati zote nne barabara, akazipaka grisi zisishike kutu, na kwenye grisi lilinata ganda jekundu la kahawa, bado bichi. Dira nayo ilionyesha nyuzi zilezile za juzi na jana. Akainua macho. Mapaa matano ya jirani yalikuwa na madishi ya televisheni, na yote matano yalitazama magharibi, sambamba na hili.

Jenista akacheka peke yake pale juu. Akalirudisha dishi mashariki, akashuka, akaomba watu waitwe.

Saa sita walikusanyika uani, chai na magimbi mezani. Felix alikuja amenuna. Mama Ruti alimkazia macho, lakini Jenista akamgeukia mwingine.

"Babu Zebedayo, lile dishi limekaaje?"

Mzee akatazama paani, akasikitika. "Limepinda tena. Nimelinyoosha mara tatu, mwanangu. Upepo wa Julai huu mbaya sana."

Ruti akaweka kikombe chini. "Ni wewe, babu?"

"Yote ya kijiji yanatazama kule, la kwako peke yake limeangalia kwingine. Nikasema mtoto atakosa shule kwa sababu ya upepo."

"Mbona hukusema?" Mama Ruti aliuliza.

"Wema ukitangazwa unachacha."

Jenista alimweleza polepole kwamba setelaiti ya televisheni na ya intaneti hazikai mahali pamoja angani. Mzee alielewa, akanywea. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa karibu kumnyima Ruti alichomwombea. Ruti akamkumbatia, grisi na yote. Mama Ruti akamsogezea Felix gimbi kubwa kuliko yote, ndiyo radhi aliyoweza.

Saa nane juu ya alama usaili ulianza. Mzee Zebedayo alilinda ngazi, kiti amekigeuza asilione dishi, maana mikono ilimwasha. Saa tisa kasoro Ruti alitoka akilia na kucheka. Amepita.

Septemba, wiki moja baada ya Ruti kusafiri kwenda Morogoro, Jenista aliitwa tena Isansa: televisheni ya Mzee Zebedayo haishiki. Alifika, akatazama paa. Dishi la mzee lilikuwa limetazama mashariki, nati zimekazwa, grisi mpya.

"Babu, huku hupati kitu."

"Najua," mzee alijibu. "Taarifa ya habari naangalia kwa Felix. Hili nimelielekeza aliko Ruti. Wewe nipimie tu kama limenyooka."

Jenista akatoa dira, akapima.

"Limenyooka, babu," akasema.