Simu Mpya, Kompyuta Mbovu

Seremala alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti mkewe alipomwita kutoka sebuleni.

"Baba watoto, njoo usikie. Kompyuta inakwaruza tena."

"Uzee tu huo," akajibu. "Ikizima, iwashe."

Akili yake yote ilikuwa kwenye simu. Aliyokuwa nayo ilikuwa nzima kabisa. Lakini shemeji yake alikuwa amenunua mpya yenye kioo kikubwa, na tangu hapo aliiona yake kama takataka.

"Tungeanza na kompyuta," mkewe alisema. "Picha zetu zote zimo humo. Na sauti ya marehemu mama yako akimwimbia mjukuu."

"Itafuata."

Akanunua simu. Ikawa haimtoki mkononi. Kisha asubuhi moja kompyuta ikawashwa, ikalia kidogo, ikanyamaza.

Jirani yao, mama anayetengeneza kompyuta, aliifungua pale mezani. Alihangaika nayo sana, mwisho akatikisa kichwa.

"Diski imekufa. Hii ndiyo inayotunza kila kitu chenu. Hamkusikia ikikwaruza?"

Seremala akatazama sakafu. "Tuliisikia."

"Siku ile ilipoanza kukwaruza mngenakili vitu vyenu, tukabadili diski peke yake, msingepoteza kitu. Mpya nitaweka, na kompyuta itafanya kazi. Lakini vilivyokuwemo nimeshindwa kuvitoa. Poleni."

Mkewe akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Seremala angependa agombezwe.

"Na mimi nikakimbilia simu," akasema.

"Ya zamani ilikuwa na ubaya gani?" fundi akauliza.

"Hakuna."

"Basi haikuwa zamu yake kubadilishwa, jirani. Kifaa kikishindwa kazi yako, na fundi akasema hakitengenezeki, badilisha. Au kikiacha kupokea masasisho ya usalama, maana wezi wa mtandaoni hupitia hapo. La sivyo, kitunze. Na kila unachokithamini kiwe na nakala mahali pengine."

Wakashika maneno hayo. Betri ya simu ya mkewe ilipoanza kuisha upesi, seremala hakungoja kuambiwa mara mbili. Walinakili picha kwanza, wakaweka betri mpya, na simu inadunda mpaka leo.

Jioni moja binti yao mdogo aliuliza bibi alikuwa na sauti gani.

"Ilikuwa nzito kidogo," seremala akasema. "Halafu akiimba..."

Akakwama. Mkewe akamwekea mkono begani, akaendelea yeye kumsimulia mtoto.