Laini ya Nne

"Funga laini zote. Dakika arobaini. Kwisha."

Amri ya mkuu wake ilipokwisha, Evodie akaishusha redio yake ya Motorola. Siku tatu hajalala. Alikuwa amechoka hata kuitika.

Mtandao wa simu za mkononi Kalemie nzima ulikuwa umekatwa na jeshi tangu saa nane mchana. Kampuni hii ya mizigo, pale bandarini, ndiyo pekee iliyobaki na simu: meza thelathini, laini nne za nje. Nani apate laini, nani asubiri, aliamua Mama Émérence, mbele ya Panasonic, mashine yake ya kuunganishia simu.

Mashua yenye risasi za magendo ilikuwa inakuja kutoka ng'ambo ya ziwa. Wanajeshi waliivizia ufukweni. Ndani yake alikuwamo Caleb, mpelelezi wa Evodie, amejifanya baharia. Mtu mmoja wa ofisi hii akiwaonya wenzake, mashua itageuka na Caleb atatupwa majini.

Mtu mmoja. Nani, hakuna aliyejua.

Evodie alivaa ovaroli ya fundi simu. Bastola ya Glock ilikuwa mfukoni, chini ya koleo. Akaishika laini ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye meza zote taa nyekundu zikawaka.

"Na ya ine, Mama."

"Hiyo hapana." Émérence hakuinua macho. "Ile njo laini ya wenye msiba. Miaka kumi na moja, sijamufungia muntu."

"Ni majaribio tu."

"Waambie wafu wangoje majaribio yako, fundi."

Evodie angeweza kung'oa waya. Hakung'oa. Akaketi kando ya skrini ya mashine, aone nani ataiomba.

Dakika ya thelathini na moja, simu ya ndani ikalia. Alphonse, mkuu wa maghala.

"Mama Émérence, mama yangu amekufa kule Niemba. Nipe laini."

"Yoo, Papa! Pole. Chukua."

Nambari ikatokea kwenye skrini: 255. Tanzania, wala si Niemba.

Evodie alikuwa tayari ngazini, anapanda mbili mbili. Nyuma yake Émérence alishika kipaza sauti. Katika ofisi hii, aliyepewa laini ya nne haachwi peke yake.

"Papa Alphonse yuko na msiba. Muende kwake."

Evodie alipofika, chumba cha Alphonse kilikuwa kimejaa watu wa meza za jirani. Mama Olga amemkumbatia Alphonse shingoni. Wanawake watatu wanaimba wimbo wa kanisani. Alphonse ameng'ang'ania simu.

"Hallo? Nani huyo?" sauti ya Kigoma ikauliza simuni.

"Muniache nizungumze!"

"Utazungumza nini na uchungu huu, Papa? Leta." Papy wa forodha akamnyang'anya simu. "Hallo, ndugu. Siye ni watu wa kazini kwake. Maiti iko wapi?"

Upande wa pili simu ikakatwa.

Mkono wa Alphonse ukaingia kotini. Wa Evodie ukatangulia. Glock ikatoka, pingu zikafunga, Olga akiwa bado amemkumbatia.

"We fundi! Muntu wa msiba!"

"Mama yake ni mzima. Amewaita wenye magendo."

Wimbo ukafa. Olga akamtazama Alphonse, kisha taratibu akauondoa mkono shingoni mwake. Hapo ndipo Alphonse alipoinamisha kichwa.

Motorola ikakwaruza.

"Caleb hapa. Niko inchi kavu. Wote wamekamatwa."

"Nimesikia," Evodie akasema. Akamshusha Alphonse ngazi hadi kwa wanajeshi wa langoni.

Chini, akaziachia laini tatu. Taa nyekundu zikazimika. Émérence alikuwa anafuta macho.

"Amemuua mama yake kwa mudomo, sababu ya simu. Utanifungia ile ya ine?"

"Hapana, Mama. Iache hivyo hivyo."

Nje, dereva wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, akasimama.

"Wapi, Mama?"

"Penye kitanda."