Kibao Kilichokazwa Kupita Kiasi

Kila asubuhi Mama Vifungo alifunga furushi la sare za shule nyuma ya pikipiki. Alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo kwa sababu hakukosa kifungo mfukoni, hata akiwa amevaa nguo ya harusini.

Mama mkwe wake alitoka na kikombe cha chai, akasimama mlangoni. Aliinama, akasoma kibao cha namba nyuma ya pikipiki.

"Mbili. Saba. Tisa," alisema. "Imesomeka. Nenda salama, mwanangu."

Alifanya hivyo kila siku. Kibao kile kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Mwanawe, mume wa Mama Vifungo, alimfundisha kusoma mama yake alipofika miaka sitini. Nyumbani hawakuwa na ubao. Basi mwana alimkalisha mama yake kwenye kigoda nyuma ya pikipiki, akamwonyesha herufi na tarakimu kwa ncha ya bisibisi.

Sasa mwana hayupo. Mwaka wa pili ulikuwa unaingia tangu wamzike. Mama mkwe alikuwa anasoma magazeti, hata karatasi zilizofungiwa sabuni. Lakini siku yake haikuanza mpaka asome kibao.

Mama Vifungo naye alikuwa na jambo lake. Kila Jumamosi alichukua spana ya marehemu, akachuchumaa nyuma ya pikipiki, akakaza nati mbili za kibao. Kwa miaka kumi alikuwa amemwona mumewe akichuchumaa pale kila Jumamosi. Basi naye alikaza. Alikaza mpaka vidole vikauma. Akiishika ile spana, nyumba haikuonekana tupu sana.

Asubuhi moja mama mkwe alisoma, kisha akasogea karibu zaidi.

"Ile tisa ina mstari," alisema.

"Mstari gani, Mama?"

"Kama unywele. Jana haukuwepo."

"Ni vumbi. Nitaufuta."

"Mimi ni mzee, lakini vumbi nalijua."

Jumamosi Mama Vifungo alitazama vizuri. Ulikuwa ufa. Ulianzia kwenye tundu la nati na kuteremka hadi kwenye tisa. Alidhani kibao kimelegea. Akakaza zaidi.

Jumanne iliyofuata alipeleka sare shuleni. Njiani, askari wa barabarani alimpungia mkono asimame. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alizunguka nyuma ya pikipiki, akarudi.

"Dada, pikipiki yako haina jina."

Mama Vifungo alishuka. Kibao hakikuwepo. Palibaki nati mbili, na kila nati imeng'ang'ania kipande kidogo kama ukucha.

Hakuwaza faini. Alimwaza mwanamke aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kilikuwepo asubuhi," alisema. "Mama amekisoma."

"Nakuamini. Sasa nisikilize. Usiendeshe hivi. Sukuma pikipiki, rudi njia uliyojia, ukitafute. Usipokipata, nenda kituo cha polisi uandikishe kwamba kimepotea, halafu uombe kingine ofisini wanakosajili pikipiki. Usije ukaandika namba kwenye boksi ukalifunga nyuma. Wengi hufanya hivyo, na ni kosa. Tena mtu mwingine akiokota kibao chako akakitumia vibaya, utatafutwa wewe."

Alisukuma. Alitazama kando ya barabara, mtaroni, chini ya meza za wauza nyanya. Jua lilimchoma shingo. Kwenye tuta la tatu, karibu kabisa na nyumbani, aliona kitu kinang'aa kwenye majani ya mtaro. Alikiinua, akakipangusa kwa kanga. Mbili. Saba. Tisa. Kilikuwa na ufa, na kwenye matundu kimemeguka. Lakini kila herufi na kila tarakimu ilikuwepo.

Alikibeba hadi gereji iliyo mkabala na nyumba yao. Mwenye gereji aliitwa Fundi Taratibu, kwa sababu hakuwahi kumharakishia mtu kazi. Alikuwa rafiki wa marehemu.

"Shemeji," alisema akikigeuza kibao, "nani amekikaza hivi?"

"Mimi. Kila Jumamosi. Kama alivyokuwa akifanya yeye."

Fundi Taratibu aliweka kibao mezani polepole.

"Nikuulize. Kifungo cha koti zito unakishonaje?"

"Naweka kitambaa nyuma, kibebe uzito. Halafu naacha uzi mrefu kidogo. Ukikivuta kikabana sana, kitachana koti."

"Umejijibu. Pikipiki inatetemeka muda wote. Kibao kinatakiwa kuwa na kitu kigumu nyuma cha kukibeba, na kitu laini cha kumeza mtetemo. Chako kilibanwa chuma kwa chuma. Kila ulipokaza, ulikuwa unakipasua."

"Lakini yeye alikaza."

"Hakukaza, Shemeji. Alikuwa anakagua. Alikitikisa kwa mkono aone kama kinacheza. Spana aliishika tu. Na nyuma ya kila nati aliweka mpira. Hukuuona?"

Mama Vifungo alikumbuka. Wiki ya kwanza baada ya msiba alikifungua kibao ili akioshe. Nyuma alikuta viduara viwili vya mpira, vyeusi kwa matope. Alidhani ni uchafu. Alivitupa.

Alikaa kwenye tairi kuukuu na kufunika uso kwa kanga.

Mama mkwe alikuwa ameshavuka barabara. Aliitazama pikipiki kwa nyuma.

"Kitabu changu kiko wapi?"

"Hiki hapa, Mama," alisema Mama Vifungo. "Nimekivunja mimi. Alikuwa ameweka mipira, nikaitupa."

"Mipira gani?"

Fundi Taratibu alionyesha kwa vidole. "Viduara hivi. Vya bluu. Alivikata mwenyewe kwenye kandambili, hapahapa kwangu."

Mama mkwe aligeuka na kwenda nyumbani, hatua za haraka. Alirudi na kandambili moja ya bluu, ya mguu wa kushoto. Kwenye kisigino ilikuwa na matundu mawili ya duara, safi kama yaliyokatwa kwa kifuniko.

"Miaka mitatu natafuta mwizi," alisema. "Nimemlaumu panya. Nimemlaumu jirani. Kumbe nilimzaa mwenyewe."

Alicheka. Mama Vifungo naye akacheka, machozi bado shavuni. Hata Fundi Taratibu alilazimika kujipangusa macho.

Mama mkwe alimwekea fundi kandambili mkononi. "Kata vingine. Mguu huu umeshazoea."

Fundi alifanya kazi taratibu, na Mama Vifungo alitazama kila hatua. Kwanza alitoboa kitundu kidogo mwisho wa ufa, pasipogusa tarakimu, ili ufa usiendelee. Alikata bati gumu la alumini lenye ukubwa wa kibao, akaliweka nyuma kama bitana. Aliweka viduara vya kandambili kati ya bati na pikipiki. Mbele aliweka washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati, zilizofunika matundu yaliyomeguka bila kuziba namba. Mwisho akafunga nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea ovyo.

"Kaza wewe," alisema. "Mpira ukianza kutuna kidogo, acha."

Alikaza. Mpira ukatuna. Mkono ulitaka kuendelea.

"Acha, Shemeji."

Akaacha.

Fundi alitikisa madigadi, ile kinga ya matope inayobeba kibao. Nayo ilikuwa imepoteza nati moja, ikawa inapigapiga kwenye kila tuta. Aliifunga. "Na furushi lako lifunge juu zaidi. Lisilalie kibao. Kisha nenda ofisi ya usajili ukawaonyeshe. Wakitaka kibadilishwe, bati hili na mipira hii vitabeba kipya."

Alienda. Karani alikisoma kwa mbali na kwa karibu, akasema kinasomeka, aendelee nacho.

Mvua zilikuja zikapita. Matuta yalibaki yaleyale. Kila Jumamosi Mama Vifungo alichuchumaa nyuma ya pikipiki, spana mkononi. Alikipangusa kibao. Alikitikisa kwa vidole. Hakikucheza. Ufa haukusogea hata kidogo. Basi alikaa pale dakika chache zaidi, bila kukaza chochote, halafu akarudisha spana mahali pake.

Kandambili ya mguu wa kulia, ambayo ni nzima, mama mkwe ameitundika iwe akiba kwenye msumari karibu na mlango. Mpira huchakaa, Fundi Taratibu alisema, ubadilishwe kila mwaka. Atakayeigusa ile kandambili atamjua mama mkwe ni nani.

Asubuhi yeye husimama chini yake na kikombe chake cha chai.

"Mbili. Saba. Tisa," husema. "Imesomeka. Nenda salama, mwanangu."