Pete Tatu za Fundi Appolinaire

Watu wa Juru hapa kambini, nanyi mnaokaa mbali nasi, isikilizeni habari ya nyumba hii. Wengi mnaijua nusu. Nusu iliyobaki si nzuri, lakini lazima isemwe.

Asubuhi moja ya mavuno, maharage yalikuwa yameanikwa uani na Mariette alikuwa akiyapepeta. Mumewe, fundi Appolinaire, alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki. Alisukuma ubao chini ya tairi, akapaka ekseli grisi, akaiingiza kwa kidole gumba. Gurudumu la nyuma likakaa mahali pake kama mguu kwenye kandambili.

Anayeendesha bodaboda katika njia zetu za mawe anayajua mateso ya gurudumu la nyuma. Tairi ikitoboka, unalala ubavu. Mkono mmoja unainua gurudumu, mwingine unatafuta tundu la ekseli, cheni inateleza, bushi, ile pete ya kubana ekseli, inaangukia mchangani. Saa nzima inakwisha. Appolinaire, aliyekimbia kutoka Kivu ya Kusini na kuishia darasa la tano, alikaa na shida hiyo miaka mitatu. Kisha akachonga ubao wenye mteremko, unaoinua gurudumu hadi usawa wa tundu. Akainoa ncha ya ekseli kama penseli. Mwisho akaiondoa bushi ya zamani, akaweka pete tatu za chuma alizozikata mwenyewe. Kazi ya saa nzima ikawa ya dakika kumi. Hiyo ni akili, na tusimnyime haki yake.

Ubao na ekseli kila mtu aliviona. Pete ndizo alizozificha. Zilizidiana unene wa ukucha tu, naye alizipaka zote rangi nyeusi ili jicho lisizitofautishe. Ukikosea mpangilio, gurudumu linagoma kuzunguka. Kwa hiyo aliyefungiwa pete hizo hakuwa na fundi mwingine duniani. Kila alipofika kwenye pete, Appolinaire aliteremsha turubai, akajifungia humo na pikipiki.

"Kimya, jamani! Fundi anajifungua!" madereva walimcheka.

"Ni kijana ao ni binti?"

Yeye hakucheka. Ndani ya turubai alitoka jasho, akivihesabu vivuli vya miguu ya watu. Hata mezani alikula huku shingo imegeukia mlangoni.

"Papa Vanessa," Mariette alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao, "siku utakufa na ile siri, udongo ndiyo itaitumia?"

"Ile siri ndiyo inakulisha."

"Mimi nalishwa na maharage yangu. Wewe, tangu upate ile kitu, hata usingizi hulale."

Sasa tazameni jinsi balaa linavyojengwa. Mwezi uliotangulia, dereva mmoja anayeitwa Salvator alimpigia simu kutoka barabarani, akilia kwamba ana mgonjwa mahututi na gurudumu limegoma. Appolinaire alikwenda huko mbio, akakuta magunia mawili ya mkaa na Salvator anayegaagaa kwa kicheko. Fundi akaapa kwamba hatadanganywa tena.

Alhamisi moja aliondoka alfajiri, akapanda teksi pale Rwekubo kwenda mji wa Mbarara kununua tyubu na cheni. Saa nne na robo, akiwa dukani, simu ikalia.

"Ssebo, bwana fundi! Mimi Nkusi, ile ya Rugaaga. Ulinitengenezea piki wiki ile. Mimi iko barabarani, gurudumu imekataa kabisa. Hizi pete inaingia namna gani?"

"Iache hapo. Nitakuja kesho."

"Kesho? Ssebo, mimi iko na mgonjwa hapa!"

"Kila mutu iko na mugonjwa," Appolinaire akajibu. "Mugonjwa yako iko gunia ngapi?"

Akakata. Halafu, ili asisumbuliwe, akaizima simu.

Lakini hakutulia. Alichagua cheni, akairudisha. Akaingia duka la pili, akasahau alichokifuata. Alihisi kama nyuma ya sauti ya Nkusi kulikuwa na sauti nyingine, ya mwanamke, iliyokuwa ikiita kitu. Alijiambia ni kelele za mji. Alikunywa chai nusu kikombe, akasimama, akaketi, akasimama tena. Saa saba akaiwasha simu. Ililia kabla hajairudisha mfukoni. Alikuwa Madeleine, jirani yake.

"Papa Vanessa, uko fasi gani? Nyoka ilimuuma Mariette mu maharage! Tuko hospitali, hapa Mbarara."

Alikimbia, kikombe cha chai akakiacha mezani.

Madeleine alimsimulia getini. Kifutu alimuuma Mariette mguuni saa mbili asubuhi. Majirani walisimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita, ikawa ya Nkusi, wakampakia katikati, Madeleine akimshika kwa nyuma. Walipokwisha kupita Rwekubo, msumari ukaingia kwenye tairi. Nkusi aliziba tyubu upesi. Pikipiki mbili zilisimama ziwasaidie, naye akazipungia mkono: "Nendeni tu, hii gurudumu ni ya dakika kumi." Hivyo ndivyo alivyokuwa ameahidiwa. Akazipanga pete hivi, akazipanga vile, akidhani zote ni sawa, na kila mara gurudumu likagoma. Ikapita saa moja, ikapita ya pili. Uvimbe ulikuwa umefika gotini lilipotokea lori la matoke na kuwachukua.

"Nkusi hakujua ni bibi yako," Madeleine alisema. "Simu yangu haikuwa na chaji, nikamunyanganya yake nikuambie. Ulikuwa umekata, na ukazima."

Wodini, Mariette alikuwa macho. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Nilisikia sauti yako," alisema. "Nkusi aliweka simu kwa spika. Nilifurahi. Nikasema, Mungu, aksanti, ni bwana yangu. Nikakuita. Ukakata."

"Mama Vanessa, sikujua ni wewe."

"Ulijua ni mutu," akasema. "Haikutosha?"

Kesho yake madaktari waliukata mguu chini ya goti.

Siku ya tatu Nkusi alikuja na ndizi za mgonjwa. Alimkuta Appolinaire nje, akizunguka mti mmoja bila kukoma.

"Ssebo, pole sana. Mimi nauliza kwa heshima. Piki yangu bado iko kule kwa nyumba ya watu. Ile pete inaingia namna gani?"

Appolinaire alisimama.

"Nene kwa cheni, nyembamba mbili kwa breki."

Nkusi alingoja. Alidhani bado kuna maneno.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

FUNZO

Maneno saba. Ukishaambiwa kwamba pete moja ni nene, kidole kinaitambua mara moja. Mguu wa mtu ulikatwa kwa sababu ya maneno saba.

Sisemi fundi afanye kazi bure. Jasho lina haki yake. Nasema hivi: kitu ulichokitengeneza kikitoka mikononi mwako, kitoke pamoja na maelezo yake. Ukimfunga mteja kwa siri ili arudi kwako, hujui ni nani utakayemfunga pamoja naye. Uchoyo wa ujuzi hauna mlango wa kuchagua anayeumia.

Nawe Salvator, na wenzako mnaotania kwa jina la wagonjwa, msijifiche nyuma ya fundi. Mkaa ule mlioufanya mgonjwa ndio uliomfanya mgonjwa aonekane mkaa.

Tena nakuambia wewe unayesoma, kwa maana kila mmoja wetu ana kitu anachokijua peke yake: mtu aliyekwama njiani akikuuliza, mjibu kwanza. Jina lake utaliuliza baadaye.